Ame kachanganyikiwa au ni laptopu? Kutatua matatizo ya NEEDY STREAMER OVERLOAD

Kabla hujagusa kitu chochote, jiulize kwanza: kilichoharibika ni kompyuta yako au ni gemu inafanya makusudi? Maana hii gemu imetengenezwa ionekane kama deskitopu ya mtu, madirisha juu ya madirisha, ina hadi mfumo wake wa uongo unaitwa Windose 20, kwa hiyo mtu anaona rangi zinapinda na picha zinatetemeka anakimbilia kuzima laptopu kwa kidole akidhani ni virusi, kumbe ni Ame, msichana wa kwenye gemu, kameza vidonge vingi na gemu inakuonyesha dunia vile yeye anaiona. Nusu ya maswali ninayoletewa hapa Kansanga, Kampala, ni ya aina hiyo, na nusu nyingine ni watu wanaosema "gemu ina bagi (hitilafu), napoteza kila mara" wakati gemu iko sawa kabisa, ni wao wanaangalia namba moja tu kati ya nne.

Kwa ambaye kaisikia tu: ilitoka Januari 2022 kwa kompyuta, Oktoba mwaka huohuo ikaingia Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo. Kwao Japani inaitwa NEEDY GIRL OVERDOSE, huku kwingine ndio tumeletewa kwa jina la NEEDY STREAMER OVERLOAD. Wewe unaitwa P-chan, unakaa na msichana anaitwa Ame, mchana ni mtu wa kawaida mwenye mawazo mengi kichwani, usiku anavaa wigi na nguo za kung'aa anakuwa KAngel, malaika wa intaneti, anastrimu, yaani anarusha laivu mtandaoni. Mmejiwekea siku 30 afikishe wafuasi milioni moja. Wewe kazi yako ni kupanga: leo alale, leo atoke, leo astrimu nini. Namba za kuchunga ni nne, yaani wafuasi, stresi, upendo wake kwako, na giza la akili. Miisho iko zaidi ya 20 na mingi si ya kufurahisha, kwa hiyo kama ulitegemea gemu ya kubembeleza msichana mzuri mpaka muoane, umekosea mlango.

Tuanze na mashine halafu tuje kwa Ame mwenyewe, na kwa Ame ndio nitakaa sana.

Kadi inakataliwa wakati wa kununua

Uganda kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, bei inaonekana kwa dola, sio shilingi, kwa hiyo ukiweka kwenye kadi hesabu kamili ya leo bila kuacha kitu juu, makato na kiwango cha kubadilisha pesa vinakula ile ya mwisho na malipo yanakataa. Weka ziada kidogo. Kama ni kadi ya benki, ulizia kama imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, maana kuna kadi zinatoa pesa kwa mashine vizuri tu lakini kwa intaneti zimefungwa mpaka uombe.

Sababu ambayo watu hawaifikirii ni VPN, ile programu inayoficha uko nchi gani. Sisi huku tulizoea VPN tangu ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ya Julai 2018, halafu Januari 2021 Facebook ikafungwa, ndio kabisa ikawa VPN inawaka asubuhi mpaka usiku mwenye simu na laptopu hata hakumbuki kama iko. Sasa Steam inakuona uko Uholanzi, kadi inasema Kampala, malipo yanagoma. Izime, funga Steam kabisa, fungua upya, jaribu tena. Na usiifanye makusudi ili upate bei ya nchi nyingine, Steam hawaruhusu na akaunti inaweza kufungwa pamoja na gemu zako zote.

Ukishanunua na ukaona laptopu haiiwezi, kumbuka Steam wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa 2. Watu wengi wanakaa na hasira tu.

Haifunguki kabisa, au inafunguka na kujifunga

Angalia Windows yako ni ipi. Zile laptopu za mtumba za kwenye akedi (majengo ya maduka) za katikati ya mji nyingi bado ziko na Windows 7 au 8, na Steam waliacha kuzihudumia hizo tangu Januari 1, 2024, kwa hiyo hapo tatizo sio gemu hata kidogo, ni Steam yenyewe. Hakuna dawa hapo isipokuwa kupandisha Windows.

Kama Windows iko sawa, kwenye Steam bonyeza kulia jina la gemu, ingia kwenye sifa zake, tafuta sehemu ya faili zilizoko kwenye kompyuta, uiambie ihakiki faili za gemu. Inaangalia faili moja moja na kushusha tena zile zilizoharibika tu, sio gemu nzima, kwa hiyo usiogope bando. Hii inasaidia sana kwetu kwa sababu mtu anashusha usiku kwa bando la usiku, umeme unaenda katikati, unarudi, unaenda tena, faili moja inaingia nusu.

Baada ya hapo angalia antivairasi kama haijaificha faili, halafu apdeti draiva ya grafiki, ile programu inayoendesha picha za kompyuta. Ikigoma bado, hii gemu imejengwa kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu, na gemu za Unity zinaandika kila kilichotokea kwenye faili inaitwa Player.log ndani ya AppData, folda ya LocalLow. Ifungue kwa Notepad, shuka mpaka chini kabisa, mistari ya mwisho ndio inasema nini kilikufa. Hata kama huelewi, hiyo mistari ndio ya kumtumia mtu anayekusaidia, sio picha ya skrini nyeusi uliyopiga na simu huku mkono unatetemeka.

Kopi za flashi sizigusi. Mtu kaja na kopi ya rafiki ya rafiki, inalalamika haina DLL fulani (faili ambayo programu inaihitaji ili ifanye kazi), akashusha hiyo DLL kwa saiti ya ajabu, sasa laptopu inafungua matangazo ya kamari yenyewe. Na APK (faili za kuweka programu kwenye simu) zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram hizo ndio mbaya zaidi, unaweka kwenye simu ileile yenye mobile money yako, banange.

Inaniomba intaneti wakati sina data

Gemu yenyewe haihitaji intaneti. Ile Tweeter, zile meseji, zile komenti zinazomiminika, yote ni ya ndani ya gemu, hakuna mtu wa kweli. Kinachotaka intaneti ni Steam. Suluhisho: ukiwa bado na data, ingia kwenye akaunti, fungua gemu angalau mara moja, halafu weka Steam kwenye hali ya nje ya mtandao. Tangu Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12 na hakuna sababu ya kuichoma kwa gemu ambayo haiitaki. Na kama unakumbuka Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilivyozimwa nchi nzima, unajua kwa nini nasema ujiandae mapema, ukisubiri mpaka mtandao upotee ndio unatafuta hicho kitufe umechelewa.

Umeme umekatika katikati ya siku ya mchezo

Gemu inajihifadhi yenyewe siku kwa siku. Ukirudi unaendelea kutoka kwenye siku ile, kwa hiyo unachopoteza ni yale ya siku moja tu. Na sehemu hiyohiyo ndio inakuwezesha kurudi nyuma ukachagua siku ya zamani na kucheza tofauti, nitarudi hapo mbele kwa sababu ndiyo silaha kubwa kuliko zote na wengi hawaitumii.

Skrini inapinda, rangi zinaungua, picha inaruka

Hapa ndipo penye mkanganyiko wenyewe. Fanya majaribio mawili.

La kwanza, bonyeza Alt na Tab utoke nje ya gemu. Kama deskitopu yako ya kweli iko safi, mafaili yako yanaonekana kawaida, basi laptopu haina shida, ni gemu inakuigizia. Kama na huko nje kuna mistari na rangi za ajabu, hiyo ni draiva au skrini.

La pili ni la kutofautisha draiva na skrini: piga skrinishoti wakati uchafu unaonekana, itume kwenye simu yako. Ikionekana safi kwenye simu, ujue kilichoharibika ni skrini au ule waya unaoiunganisha, peleka kwa fundi. Ikionekana chafu hata kwenye simu, ni grafiki, anza na draiva.

Ndani ya gemu, mipindo mikubwa mingi inakuja baada ya dawa au wakati giza limepanda sana. Ikikuumiza macho au kichwa, simama. Zile rangi zinawaka na kuzima haraka, na kama una kifafa au mtu wa karibu anacho, usicheze wala usiicheze mbele yake.

Maandishi madogo sana? Skrini za 1366 kwa 768 zinateseka kidogo kwa sababu gemu inataka kuonyesha madirisha mengi kwa wakati mmoja. Jaza skrini nzima, mara nyingi kwa gemu za Unity ni Alt na Enter. Ikiwa nzito, funga Chrome yenye tabu za tangu mwezi uliopita, gemu ni picha za 2D haihitaji laptopu ya milioni tatu. Ikifunguka kwa Kijapani au Kichina, lugha inabadilishwa kwenye mipangilio. Kiswahili hakipo.

Sasa Ame.

Wafuasi wamekwama

Dalili: umefika katikati ya mwezi, kila usiku unastrimu, na namba inapanda kama inasukumwa kilima cha Muyenga.

Sababu ya kwanza, unastrimu bila kutafuta mada. Siku imegawanywa mara tatu, mchana, jioni na usiku, na kustrimu ni usiku tu. Zile sehemu mbili za mwanzo sio za kupitisha muda, ndizo zinazozaa mada. Mkicheza gemu pamoja anapata wazo la strimu ya gemu, akizurura mtandaoni anaokota hadithi za intaneti, akitoka kwenda Akihabara au Harajuku, mitaa ya Tokyo, anarudi na kitu cha kusema. Mada ziko kwa makundi na kila kundi lina ngazi, na ngazi ya juu inaleta wafuasi wengi kuliko ya chini, kwa hiyo mtu anayegusa kila kundi ngazi ya kwanza tu anabaki na strimu nyingi nyepesi. Chagua makundi machache, yapandishe.

Sababu ya pili ni usiku uliopotea. Kulala mpaka kesho kunakula usiku, dawa usiku inakula usiku, na kila usiku usio na strimu ni siku ambayo wafuasi hawana la kufuata. Kwa siku 30 huna usiku wa kumwaga. Lakini hapohapo kuna mtego, usiposimamisha hata usiku mmoja atapasuka. Panga mapumziko kabla hajaanza kulia, usisubiri.

Sababu ya tatu watu hawapendi kuisikia: mada za haraka. Strimu za kuonyesha mwili na zile za njama za siri zinavuta macho, ndio, lakini angalia upande wa pili wa bili, zinamla kichwa. Sisemi usiziguse, kuna miisho huwezi kuipata bila kwenda huko, nasema usiziguse halafu ukashangaa mbona kaharibika.

Stresi inapaa kila siku

Kabla ya kubofya kitendo chochote, weka mshale juu yake usibofye. Kwenye dirisha la namba utaona alama za nini kitapanda na nini kitashuka. Huu ndio msaada wote unaohitaji na upo mbele ya macho, ila watu wanabofya haraka kama wanajibu WhatsApp.

Kila strimu inaongeza stresi, hiyo ni kawaida. Kinachoongeza zaidi ni komenti. Strimu ikianza, KAngel yuko katikati na wigi lake la rangi anatabasamu, pembeni komenti zinashuka mfululizo, nyingi za kumsifu, halafu katikati inapita moja ya mtu anamwambia kazeeka, nyingine ya mtu anataka amwonyeshe mahali anakaa. Ukiibofya hiyo inafutwa. Usipoifuta yeye anaisoma. Na zile nzuri unaweza kumchagulia ili azijibu mwisho wa strimu. Sasa wapo wanaoanzisha strimu wakaenda kununua rolex (chapati na mayai) barabarani, wakirudi imeisha, stresi imeruka na hawajui kwa nini. Kaa hapo, hizo dakika chache ndizo kazi ya meneja. Mtu yeyote aliyewahi kufungua laivu ya TikTok usiku hapa Kampala anajua komenti za saa sita usiku zinavyokuwa, hazihitaji maelezo.

Kushusha stresi: kulala, kukaa naye, kutoka, na dawa. Hapo kwenye dawa ndipo naomba usome kichwa kinachofuata kabla hujafanya lolote.

Stresi iko chini lakini bado anaharibika

Hili ndilo swali lenyewe kuliko yote, na jibu lake ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo.

Mchezaji anaona stresi nyekundu, anampa dawa, stresi inashuka palepale, anafurahi, anastrimu, stresi inapanda, dawa tena. Siku kadhaa zinapita namba inaonekana nzuri halafu ghafla Ame anaandika mambo ya kutisha kwenye akaunti yake ya siri, picha zinabadilika, na mwisho mbaya unakuja bila hodi. Mtu anasema bagi. Sio bagi. Stresi ni homa na giza ndilo malaria, umempa Panadol wiki nzima homa ikashuka ukamrudisha kazini. Dawa kwenye hii gemu inashusha stresi kwa kuongeza giza, na ukimpa nyingi zaidi ya kawaida giza linaruka zaidi. Giza halishuki kwa haraka kama stresi. Linashuka kidogo kidogo, kwa vitu vya utulivu ambavyo havileti wafuasi, na ndio maana hakuna mtu anayevifanya.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: giza ndilo naliangalia kwanza asubuhi kabla ya wafuasi. Likiwa chini, naweza kubana strimu usiku mbili tatu mfululizo. Likianza kupanda, namtoa nje au namlaza, hata kama kuna mada nzuri inasubiri. Mada inasubiri, haiozi. Dawa naiweka kwa siku ya dharura tu, ile siku stresi imefika mahali ambapo kesho haipo. Na akaunti yake kwenye Tweeter soma kila siku, ziko mbili, ile ya KAngel ya kung'aa na ile ya Ame ya siri, ya siri ndiyo inasema ukweli siku kadhaa kabla ya namba kukuambia.

Kuna kitu hapa kinanisumbua kidogo kwa sababu sisi mtu akionekana kachanganyikiwa kidogo tunamtania "utapelekwa Butabika", hospitali ya magonjwa ya akili, na watu wote wanacheka, ni utani wa kila siku kwenye taksi. Ukishakaa na Ame siku 30 ule utani unakuwa na ladha nyingine mdomoni.

Anakasirika, haongei, upendo unashuka

Angalia JINE, ile programu ya meseji. Anakuandikia "uko?", "unanipenda?", "nimechoka", unajibu kwa kuchagua maneno au stika. Ukimwacha bila jibu anaumia na upendo unashuka, na anakuandikia tena, na tena. Sababu kubwa ya watu kumkosa ni kwamba madirisha yamejaa skrini, JINE imefichwa chini ya Tweeter ambayo iko chini ya dirisha la kamera. Sogeza JINE pembeni ya kulia mahali utaiona kila wakati, usiifunike na kitu. Tatizo limeisha.

Majibu makali yana faida yake kwa mtu anayetafuta mwisho fulani, lakini kwa mchezo wa kwanza jibu kama mtu anayempenda, fupi, bila kumfundisha maisha.

Kinyume chake nacho kipo. Upendo ukijaa kabisa sio kwamba umeshinda, anakuwa hawezi kupumua bila wewe na hiyo nayo ina miisho yake. Watu wengi wanajaza upendo mpaka juu wakidhani ni kinga. Sio kinga, ni namba moja tu kati ya nne.

Kila mara napata mwisho uleule

Kwa sababu kila mara unacheza vilevile, mzee. Umeanza upya toka siku ya kwanza, ukafanya yaleyale kwa haraka zaidi, ukafika palepale. Tumia kurudi nyuma. Ukipata mwisho, usianze upya, rudi kwenye siku ambayo namba zilikuwa bado zinaweza kwenda huku au kule, mara nyingi ni karibu na katikati ya mwezi, halafu badilisha jambo moja tu. Kama mara ya kwanza ulikuwa unamtunza, safari hii msukume. Kama ulijaza upendo, uache ushuke. Namba moja kwa wakati mmoja, uone inampeleka wapi, maana ukibadilisha zote nne hutajua ni ipi iliyofungua mlango.

Na miisho mingine haisubiri siku ya 30. Inakuja mapema namba ikipita mahali fulani au kitendo fulani kikirudiwa sana. Kwa hiyo gemu ikiisha siku ya kumi na kitu usidhani imekwama, soma jina la mwisho uliopewa, mara nyingi jina lenyewe linakuonyesha ulichokosea. Au ulichopatia, inategemea unawinda nini.

Nimefikisha milioni moja na bado mwisho ni mchungu

Ndivyo ilivyo. Milioni ni sharti mlilojiwekea nyinyi wawili siku ya kwanza, gemu haikuahidi kwamba ukifika ni sherehe. Unavyofika huko, giza likiwa wapi na upendo ukiwa wapi, ndiyo inaamua. Kwangu mimi hapa ndipo gemu ina akili, maana inakupa namba kubwa ya wafuasi pale juu ya skrini uifukuze na inakuacha ugundue mwenyewe ulimfanya nini mtu ili kuipata.

Mdogo wangu anaitaka, ina picha za pinki

Hapana. Ile pinki inadanganya. Ndani kuna kujiumiza, dawa kutumiwa vibaya, mambo ya kitandani, kujiua, na gemu yenyewe inatoa onyo mwanzoni kabisa ambalo watu wanabofya lipite bila kusoma. Kama mtoto kaiona kwa laptopu yako, usimfokee, mwambie ni ya wakubwa na umtafutie nyingine. Na kwa wewe mkubwa, kama kipindi hiki kichwa chako mwenyewe hakijakaa sawa, iache kwanza, itakusubiri kwenye maktaba yako ya Steam. Ikikugusa mahali pabaya funga, tafuta mtu wa karibu uongee naye, au muone mhudumu wa afya, na Butabika niliyoitaja ni hospitali, watu wanaenda na kurudi nyumbani.

Data0 haionekani

Hii ni ya waliofika mbali, kama bado uko mwanzo ruka usome siku nyingine.

Kuna faili ya akiba inayoitwa Data0 ambayo hujaiweka wewe. Inatokea pale penye akiba zako ukishapata miisho mingine yote. Kama haipo, kuna mwisho mmoja umeuruka, na mara nyingi ni ule ambao mtu mwenye roho nzuri hawezi kuufikia kwa bahati kwa sababu unahitaji umtelekeze Ame au umharibu kwa makusudi siku nyingi mfululizo. Linganisha orodha ya mafanikio yako kwenye Steam, kila mwisho una alama yake, utaona iliyobaki kijivu. Kama zote ziko rangi na bado haionekani, toka mpaka mwanzo kabisa wa gemu, fungua upya, angalia sehemu ya kuchagua akiba. Usifute akiba zako za zamani ili kupata nafasi. Ikitokea, ingia ukiwa peke yako chumbani na sauti iko wazi, na usimsimulie yeyote ambaye bado anacheza.